Feruzi Hakwenda Kuharibu Kura

Kasongo, tarehe 18 Februari 2024

Mdogo wangu mpendwa Blaise,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko Kisangani? Kile kifua kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili tu. Mama anakula kidogo, binti yangu Grâce ameanza kuota meno, na mvua imezidi kuharibu barabara.

Uliponiandikia kwamba chuoni mnafundishwa kuyachunguza magazeti ya uchaguzi, nani anatajwa, nani anapewa nafasi ya kusema, nani anaachwa, nilikucheka. Nilisema, kumbe watu wanalipa chuo ili wasome gazeti! Leo sicheki tena.

Unajua kwamba kaka yetu Feruzi alifia kule Wamaza, kwenye kituo cha kura, siku ya uchaguzi. Usiyoyajua ni yaliyotokea matangani. Wajomba walifika kutoka Nyangwe, wakakaa, wakangoja kuelezwa kifo cha mtoto wao tangu mwanzo, kama ilivyo desturi. Wa kueleza alikuwa Mugisho, yule mchimba dhahabu aliyekuwa naye mpaka mwisho. Wazee wa kwetu wakamdharau: mgeni wa machimboni atasimamaje mbele ya wajomba? Wakaona heshima zaidi ni kusoma gazeti, maana limepigwa chapa. Djamali, mtoto wa baba mkubwa, akalisoma kwa sauti.

Gazeti lilisema kura ilipita kwa utulivu, isipokuwa Wamaza, ambako vijana walivamia kituo na mmoja wao akafa. Mmoja wao, Blaise!

Mjomba Théophile aliinuka. "Kumbe mutoto wetu alikwenda kuharibu kura? Basi kilio yetu haiko hapa." Wakaondoka bila kugusa chakula. Mama aliwafuata mpaka njiani akiwaita kaka zake mmoja mmoja. Hawakugeuka.

Baadaye nililisoma lile gazeti mwenyewe, kwa macho uliyonifundisha. Mgombea mmoja anaitwa mheshimiwa kila mahali, na picha yake ipo. Hakuna mtu wa Wamaza aliyeulizwa neno, na jina la Feruzi halimo. Haikuandikwa kwamba waliokuja na mawe walikuwa vijana wa huyo mheshimiwa, wala kwamba Feruzi alikuwa mlangoni akiwatoa akina mama wazee. Mugisho aliliona jiwe lililomuua Feruzi. Nina hasira ninapoandika.

Nilituma ujumbe Nyangwe. Wajomba wanasema Mugisho hawamjui, na mimi ninasemeshwa na uchungu. Ila wewe watakusikiliza, mtoto wa dada yao anayesomea magazeti. Wasiporudi, matanga hayaondolewi, na Mama bado analala chini kwenye mkeka na nguo zake za kilio.

Njoo, mdogo wangu. Uwasomee lile gazeti polepole, uwaonyeshe nani amesemeshwa na nani ameachwa, kisha umkalishe Mugisho kando yako aseme alichokiona. Najua safari ni ngumu na masomo yanakubana, lakini penye nia pana njia.

Shangazi Émérance anakusalimu sana, na Jeanine, na watoto wote. Djamali pia, ingawa siku hizi anaona haya kupita hapa kwetu. Mungu akufikishe salama.

Mama hakunipa salamu. Amesema tu nikuulize kama huko chuoni, kwa hao wanaosoma magazeti, kuna mtu anayelijua jina la mtoto wake.

Dada yako akupendaye,
Léontine