Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Mjukuu wangu,

Huku Dindira tunashukuru. Mwanangu anaota meno, silali, lakini mimi, dada mdogo wa babu yako, ni bibi yako, kwa hiyo lazima nikujibu.

Unauliza kama serikali ikitoa ruzuku watu wabadilishe magari makuukuu kwa mapya ni kupoteza fedha. Nakumbuka mama yako aliposhikwa na uchungu wako. Pikapu ya babu yako ilizimika kila mlima, nami, mtoto wa shule, nikawa naruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Kaza, bibi mtu!" mama yako alicheka huku akilia.

Tukafika hospitali, ukazaliwa salama Korogwe.

Fedha hiyo si hasara, ikiwa gari jipya litapanda huku. Likiishia kwenye lami, mwachieni babu yako pikapu yake. Jiwe bado ninalo, nazuilia mlango.