Uji Wangu Hauzuii Jiwe

Segese,
Jumapili, baada ya misa.

Baba Shija, mume wangu,

Mwangaluka. Goti linasemaje? Na usiniambie halijambo, maana mwanetu Shija kanieleza umepanda tena juu ya ghala kuziba bati. Mzee mzima! Ukianguka nani atakuokota, mbuzi? Mimi ni mzima, ila moshi wa kuni unanitoa machozi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" na husikii kitu. Kabula mjukuu wangu, msomee babu yako polepole, na usiruke mahali ninapomgombeza.

Shija kaniletea neno lako kwamba niwapokee wale ng'ombe wawili. Nimeumia. Sikiliza kwanza ilivyokuwa.

Unajua tangu zahanati ifunguliwe hapo kijijini niliacha kuzalisha, nikaja huku kuuza uji kwenye maduara, haya mashimo ya wachimbaji. Kila asubuhi namwaga upawa wa kwanza chini kuwakumbuka waliotutangulia, kama mama alivyonifunza. Siku moja nikamwaga karibu na mdomo wa duara, na siku hiyohiyo wakatoa mawe yenye dhahabu. Basi! Kesho yake wananunua uji hawanywi, wanaumwaga shimoni. Mmoja akajipaka kichwani. Nikamwambia, "We mwana, huo ni ulezi, si mafuta ya nywele."

Mwenye duara akaja na kiti cha plastiki, akanikalisha kama bibi harusi. "Bibi, achana na masufuria. Wewe ni mkunga, mikono yako ina dawa. Kaa hapa utulindie duara, nakupa ng'ombe wawili." Nikacheka. Lakini baadaye nikasikia watu wake wanabishana. Mmoja, Juma, baba wa watoto wanne, anataka wakate magogo ya kushikilia kuta, maana udongo unadondoka. Wenzake wanamjibu, "Magogo ya nini? Bibi ameshamwaga."

Baba Shija, uji wa kushika udongo umeuona wapi?

Miaka yote ile ya ukunga sikumwambia mzazi yeyote kwamba mtoto anapumua wakati hapumui. Yule mtoto wa jirani aliyefia mikononi mwangu, nani alinishika mkono tukaenda kumwambia baba yake ukweli? Si wewe? Leo niwauzie uongo watoto wa watu walio chini ya ardhi, eti kwa sababu nimebadili kazi?

Nikasimama pale mdomoni, nikapiga sufuria kwa upawa mpaka wakapanda wote. Nikawaambia, "Huu ni ulezi, maji na sukari. Hauzuii jiwe. Atakayeshuka bila magogo asiseme bibi alimlinda." Wakanuna. Mwenye duara akafoka, "Bibi, unanifukuzia bahati! Toa vyombo vyako kwenye eneo langu!"

"Natoa. Na mafiga ni yangu, nayo nayabeba."

Nikayabeba, bado ya moto.

Sasa nauzia kwenye kijiwe cha bodaboda, juani, wateja wachache. Jana Juma akaja, nywele zimejaa maganda ya miti. Akanywa vikombe viwili, halafu akasema, "Bibi, tumeshaweka magogo. Pande zote." Nilimjazia cha tatu.

Kwa hiyo ng'ombe hakuna. Kama ulishatangaza mnadani Ushirombo kwamba wanakuja, shauri yako, kawaambie mkeo ni muuza uji. Ukitaka kuninunia, nuna, ila kula.

Nisalimie dada yako mkubwa, na mke wa Shija, mwambie asikupe kiporo cha ugali, tumbo lako nalijua mimi. Katekista naye mwambie naimba huku, wananivumilia.

Ni mimi mkeo, ninayekugombeza hata kwa karatasi,
Mama Shija