Mpira wa Boti ya Mzee Jumbe

Zube, nimeisha. Nimeisha kabisa!

Unakumbuka ule mpira wa injini ya boti ya Mzee Jumbe, ile ya miaka ya sabini? Kiwanda kiliacha kuutengeneza kitambo, akaniletea huo mkuukuu niutolee moldi, nimtengenezee mpya. Niliuacha kwa benchi nikaenda kunywa chai.

Nimerudi haupo!

Namuuliza Mutisya fundi viatu, si tunashea naye kibanda hapa Shauri Moyo. Ati, "Ule uliochakaa? Nimeukata mikanda ya akala."

Mikanda ya akala, Zube, vile viatu vya matairi! Na sampuli ilikuwa hiyo moja tu!

Sasa Mzee mwenyewe ameingia kuangalia kazi. Ananiinulia mguu akicheka: "Mutisya ameniuzia akala hapo nje. Mikanda yake laini ajabu!"

Nitamwambia avue vipi?