Pete Chini ya Sare

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele, wewe na wote hapo nyumbani. Goti la baba limepata nafuu? Mimi huku ni mzima, ila mikono imekauka kwa joto la pasi.

Barua yako imenifikia. Waniuliza kama ni kweli huku mtu huolewa na amtakaye, maana baba amemkataa mchumba wako kinyozi kama alivyomkataa mchumba wangu wa zamani, nawe unataka kufunga virago unifuate. Nitakujibu bila kukuficha.

Ni kweli. Imeandikwa ukutani katika ofisi ya ndoa, kwa herufi kubwa: mtu mzima hahitaji idhini ya mzazi wala ya yeyote. Niliisoma, nikairudia kwa raha.

Sasa kazi. Niko chumba cha kufulia hotelini. Tunanyoosha mashuka wawili wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, tunayaingiza kwenye pasi kubwa ya rola. Tunalala ghorofa ya juu, na vyumba hivyo ni vya wasio na wenzi tu. Ukiolewa unarudisha ufunguo, na asiye na ufunguo hapangiwi zamu. Msimamizi wetu, mama mpole kweli, alitueleza kwamba hakuna anayetukataza kuolewa. Tuko huru kabisa, alisema, na kuondoka pia tuko huru.

Yupo fundi bomba humu, tunamwita Ngazi kwa urefu wake. Mabomba ya kwetu yakaanza kuharibika kila wiki, hata mwenzangu wa mashuka akasema hajapata kuona bomba lenye mapenzi namna hiyo.

Basi usishtuke, mdogo wangu: nimeolewa naye. Karani aliniuliza kama nimelazimishwa na mtu. Kwa mazoea nikamjibu kwamba baba bado hajaambiwa. Alinishangaa, akasema hapa baba haulizwi. Nilitaka kufurahi, nikalia. Tulishikana mikono hadi kona ya hoteli, tukaachana hapo, yeye akaingia mlango wa mafundi, mimi mlango wa mashuka. Mchana ule nilinyoosha mashuka ya maharusi waliofikia hotelini. Pete yangu iko shingoni kwenye uzi, chini ya sare, na msimamizi akiiona sina kazi wala pa kulala.

Sikwambii uje, wala sikwambii ubaki. Ila huko anayewazuia ni mtu mmoja, na mtu huyo mnaweza kumwekea kikao. Huku sijui nimwekee nani.

Msomee baba barua hii yote. Akasirike akitaka. Ruhusa yake siiombi tena, lakini nataka duniani pawe na nyumba moja ninakojulikana kuwa ni mke wa mtu.

Msalimie mama sana, na kinyozi wako mpe pole. Nawakumbuka nyote.

Ni mimi dada yako,
Mke wa Ngazi