Kamba ya Baba

Hulugho, 21 Januari 2024

Dada Gacheri,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na huo mgongo wako mnaelewana. Mimi ni mzima, ila kwa jambo moja. Usihangaike kupiga simu. Mnara wa hapa ulioangushwa mwaka jana haujasimamishwa, kwa hiyo barua hii inakuja na Deeq, dereva wa gari la miraa.

Unakumbuka nilivyolalamika kwamba miwani yangu imechoka? Nimeibadilisha mara tatu. Kumbe si miwani. Darasani nina msichana anaitwa Weris, anaketi upande wa kulia. Juzi alisimama akaniuliza, "Mwalimu, sisi wa ubande hii tumekosa nini? Mkono nainua tangu Jumatatu." Sikuwa nimeuona mkono wake hata mara moja. Nikapanda gari hadi Garissa kwa daktari wa macho. Ni glakoma, ile watu wanaiita presha ya macho. Jicho la kulia limeshaliwa nusu, na kilicholiwa hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki tu. Daktari anasema sisi tusioona mbali, wenye miwani mizito tangu utoto, ugonjwa huu hutupata zaidi ya wengine, tena hufuata damu.

Hapo nikamkumbuka Baba, na ile kamba uliyomfungia kutoka mlangoni hadi chooni. Sote tulisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na sita, Gacheri.

Sasa nisaidie. Chupa ya dawa inataka baridi, na huku ni moto mtupu. Wewe unayefunga miraa unajua jinsi ya kuifikisha Hulugho ikiwa mbichi. Ninunulie dawa Meru, uifunge katikati ya kibunda, kwenye majani ya mgomba. Ikifika nitaiweka kwenye chungu cha mchanga wenye maji. Na wewe mwenyewe nenda ukapimwe.

Mdogo wako,
Morris

*

Maua, 4 Februari 2024

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, na mgongo wangu unakusalimu. Barua yako niliisoma nikalia, kisha nikaacha, maana kazi ilikuwa inaningoja. Chupa imo kwenye kibunda chenye uzi mwekundu. Mwambie Deeq akikigusa hicho atatafuna plastiki.

Habari ya kupimwa, niache. Macho yangu yamejiponya yenyewe. Wenzangu wa kwaya wanaazimana miwani ya kusomea, mimi yangu naivua, nasoma Zaburi zile herufi ndogo kabisa. Mama Bridget ananionea wivu waziwazi. Mtu anayesoma Zaburi bila miwani, daktari atampima nini?

Mengine ni ya kawaida. Toroli la muuza ndizi limenigonga sokoni, na mwenyewe akadai mimi ndiye niliyeliingia. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Tumia dawa kila siku, usije ukawa mkaidi kama mtu fulani.

Dada yako,
Gacheri

*

Hulugho, 20 Februari 2024

Dada Gacheri,

Natumaini hujambo. Chupa imefika ikiwa baridi, hata Deeq alishangaa. Naweka tone moja kila jioni adhana ya isha inapoanza, ili nisisahau. Asante sana.

Ila Zaburi zako zimeninyima raha. Macho yetu haya yasiyoona mbali husoma karibu bila miwani mpaka kaburini, ndivyo yalivyoumbwa. Si kupona huko. Ugonjwa huu huanzia pembeni kama panya kwenye gunia, na katikati unakuachia usome, uridhike. Baba naye alikuwa akisoma gazeti huku akijikwaa kwenye viti.

Lile toroli lilitoka upande gani?

Mdogo wako,
Morris

*

Maua, 17 Machi 2024

Morris,

Natumaini u mzima. Chupa ya pili imo kwenye kibunda cha uzi mwekundu.

Lilitoka kushoto, kama lazima ujue. Na nguzo ya lango la kanisa iko kushoto pia, na alama yake ninayo begani. Na tajiri wangu amenitoa kwenye meza ya kuchambua, ati naacha vijiti vibaya upande mmoja wa rundo. Sasa nafunga tu, na vijana wamechukua nafasi yangu ya miaka kumi na saba. Umefurahi?

Nimeogopa, na kuogopa sitaki. Wewe ulikuwa chuoni. Mimi ndiye niliyemwosha Baba uso kwa miaka tisa, nikamwona akipapasa kikombe kilicho mbele yake na kutabasamu ili nisijue. Mtu ambaye hajaambiwa, macho yake bado ni yake. Niachie hayo niliyo nayo. Ukitaka kuniandikia, niandikie habari za wanafunzi wako.

Dada yako,
Gacheri

*

Hulugho, 5 Aprili 2024

Dada,

Salamu. Nimesoma barua yako mara nyingi. Nisamehe kwa miaka ile ya chuo. Sikujua, au sikutaka kujua.

Nakuomba jambo moja, kisha nitanyamaza. Lifanye sasa hivi, ukiwa umeishika barua hii, kabla hujaendelea. Ziba jicho la kulia kwa kiganja. Usome mstari huu kwa jicho la kushoto peke yake.

Ukiusoma, nichukie upendavyo. Habari ya macho sitaitaja tena maishani. Usipoweza, acha kila kitu, nenda Meru siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Morris

*

Hulugho, 12 Mei 2024

Gacheri,

Sijui hata kwa nini naandika. Barua ya Aprili bado iko mezani kwangu. Mvua imekata barabara, na Deeq hatujamwona tangu mwisho wa Machi. Chungu nakilowesha kila asubuhi ingawa chupa iliyomo imekauka. Leo ni siku ya kumi na nane bila tone. Adhana ikianza nainua uso kwa mazoea, kisha nakumbuka.

Niliwaomba polisi wakutumie ujumbe kwa redio yao. Walijaribu, ukaishia Garissa. Ningetembea kwa miguu kama kungekuwa na pa kukanyaga.

Kinachoniua si jicho langu. Ni kwamba jibu la macho yako liko hapa mezani, hatua mbili kutoka kitandani pangu, na wewe uko huko ukisoma Zaburi.

Morris

*

Maua, 9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na uzima wa kutosha. Barua zako mbili zimekuja pamoja, karatasi ina matope.

Ile ya Aprili ilinikasirisha. Nikasema nitamwaibisha mwalimu huyu. Nikaziba jicho la kulia, na karatasi ikaondoka. Nilidhani nimeziba yote mawili, nikapapasa uso kwa mkono wa pili. La kushoto lilikuwa wazi.

Meru nilienda siku hiyohiyo kama ulivyosema. La kushoto limekwisha. La kulia limebakiza katikati, upana wa ukurasa. Nilimuuliza daktari, je, kama ningekuja Februari? Aliinama akaandika dawa. Macho yalikuwa yangu kweli, Morris, nami niliyalinda yasipimwe.

Chupa yako imo kwenye uzi mwekundu, na nyingine ya akiba. Yangu iko kwenye friji ya Mama Bridget. Naiweka jioni, saa ile yenu ya isha, ili tuwe wawili. Uniambie ukweli, hizo wiki bila dawa zimekula kiasi gani? Usinitabasamie kama Baba.

Zaburi bado naisoma. Nilitaka tu ujue hivyo.

Ile kamba niliiweka darini tulipomzika. Jana jirani alikuja kuazima kamba ya kufungia mbuzi. Nikamwambia sina.

Dada yako,
Gacheri