Mtungi wa Mama Habiba

Garissa, Jumatano

Mama Habiba hata hakuutazama. Mtungi wake wa chuma wa maziwa ulipasuka, nikauchomelea, kisha nikashinda nikiusugua kwa msasa ndani na nje, nikifuata mistari ya stenlesi kuelekea upande mmoja tu, mpaka doa la moto likapotea.

Akatumbukiza ndani yake vijinga vinavyofuka moshi, akafunika. Alipofunua, ndani kulikuwa kweusi tena.

“Mama, nimeung’arisha siku nzima.”

“Umefanya vizuri, fundi, wallahi. Lakini maziwa ya ngamia bila moshi hakuna mtu atakunywa. Sasa iko na harufu ya nyumbani.”

Nikamsaidia kukaza kifuniko.

Nimenawa kwa sabuni, harufu ya moshi bado iko mikononi. Ya nyumbani kwake. Kwetu Kitui sikumbuki tena kunanukia nini.