Kichuguu ya Nyuma ya Muhogo

Kolwezi

Mama mupenzi,

Mi, bibi yangu Rose na batoto tuko bazima, Mungu anatuchunga. Mavumbi ya makamyo inanibana kifua kidogo, lakini kazi naenda. Na wewe mama, ile muguu inakuacha ulale? Muhogo imeshika?

Mudogo yangu Kabey alinipigia telefone. Eti bwana mumoja amefika kwetu Musumba, anaomba kubomoa kichuguu ya nyuma ya muhogo yako, apate udongo ya matofali ya dispensaire. Kabey anafurahi. Mi hapana! Anasema ule bwana alianza kuchota kidogo kidogo mu tusashe, tumifuko tudogo twa plastiki, anaandika namba juu. Mama, fundi gani wa matofali anachota udongo na kijiko?

Unajua mi nilibomoa kichuguu ya shamba yangu huku, nikajengea nyumba. Nilijiona na akili! Mvua ilifika: hakuna kumbikumbi hata moja, hakuna uyoga hata moja. Kanga benye kudonoa pale bakahama. Maji inasimama juu ya udongo, sababu mchwa njo balikuwa banaitobolea njia, na mahindi yangu imekuwa manjano. Kumbe bitu yote ilikuwa inategemea bale badudu badogo.

Na tusashe mi naijua. Mchwa banapandisha udongo ya chini sana. Ukiipima, unajua kama shaba iko, bila kuchimba. Kijiji moja ya huku balichota vile vile, kisha bakarudi na bigingi ya kupima mugodi, batu bakaacha mashamba.

Najua sababu mi njo nilikuwa nababebea mifuko bale batu ba kampuni ya shaba, miezi mbili. Siku moja mukubwa wa kazi aliniuliza kama kwetu bichuguu iko. Mi na hii kinywa yangu! Nikajisifu: kwa mama yangu, Musumba, iko moja inapita nyumba kwa urefu. Akaniuliza jina yako. Nikamupa. Akaandika, nikaona ananiheshimu.

Pengine ule bwana ni mutu mwingine. Lakini roho inanikatalia, mama. Akirudi, umuambie hapana, hata akuletee bati ya nyumba muzima. Bakigusa ile kichuguu, utalima nini?

Unisalimie tata mukubwa, kaka ya marehemu baba, na shangazi muuza samaki. Kabey akae pale mu shamba mupaka nifike. Nimeomba ruhusa ku kazi.

Lakini usimuambie Kabey bado nani alitoa jina yako. Nitamuambia mi mwenyewe, uso kwa uso.

Mutoto wako,
Kapend